Safari Yetu ya Mto Kalambo

Katika likizo ya mwezi wa Juni mwaka huu Babu yangu alitoa shauri ambalo hakuna mtu nyumbani aliyelitazamia. Alisema anataka kuuona mto Kalambo na maporomoko yake kabla macho yake hayajafunga duka, na ya kuwa anataka kwenda na wajukuu wake wote waliopo Sumbawanga, asibaki hata mmoja. Bibi akamwambia, "Mzee, magoti yako yanalia hata ukienda kanisani, na kanisa ni hapo." Babu akajibu kwamba magoti ni yake na kilio ni chake. Basi shauri likapita.

Wajukuu tulikuwa saba. Mimi ndiye mkubwa wao, na mdogo kuliko wote ni mtoto wa mwisho wa Shangazi, mwenye miaka 6, ambaye nyumbani tunamwita Kitinda. Baba Mdogo ana gari la Noah, akakubali kutupeleka Jumamosi kwa sharti kwamba mafuta yatoke katika mfuko wa Babu.

Lakini kabla sijaeleza safari yenyewe, sina budi kueleza habari ya sanduku, maana bila hiyo msomaji hataelewa kwa nini siku ile imenikaa moyoni.

Babu ni seremala. Alijifunza kazi hiyo kwa mafundi wa misheni alipokuwa kijana, akaifanya kwa zaidi ya miaka 50, mpaka macho yake yalipoanza kumpoteza mstari. Nilipochaguliwa kuingia kidato cha kwanza alinitengenezea sanduku la mninga la kutilia vitu vyangu bwenini. Hakutumia msumari hata mmoja. Kona zake zilishikana kwa meno aliyoyachonga kwa patasi, yakaingiana kama vidole vya mikono miwili. Alilifanyia kazi wiki tatu, na kila siku jioni alilifunika kwa gunia ili nisilione kabla halijakwisha.

Siku niliyofika shuleni nilikuta wenzangu wote wana matranka ya bati yenye rangi, na kufuli zinazong'aa. Mvulana mmoja akalitazama sanduku langu akauliza, "Marehemu ni nani?" Bweni zima likacheka. Tangu hapo likaitwa jeneza, na mimi nikaitwa mlinzi wa makaburi. Nilivumilia muhula mmoja. Likizo ya kwanza nikamwomba Baba aninunulie tranka kama la wengine, naye akaninunulia. Babu aliniona nikitoka nalo kurudi shuleni. Aliligonga kwa kidole chake cha kati, akasema, "Hili halivuji?" Nikasema, "Halivuji, Babu." Akasema, "Vema." Hakuongeza neno, wala hajapata kuniuliza tena habari ya lile sanduku. Bibi akalitia maharage.

Sasa nirudi kwenye safari.

Tuliondoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri. Wanaoijua Sumbawanga mwezi wa Juni hawahitaji kuelezwa habari ya baridi yake. Upepo unavuma juu ya uwanda kama kwamba umetumwa, nasi tulijikunyata ndani ya gari tukiwa tumevaa masweta mawili mawili. Babu alikaa mbele na koti lake refu, akawaita wasichana "wake zangu" na sisi wavulana "wezi wa wake zangu," kama ilivyo desturi yake. Bibi alibaki nyumbani, lakini alitufungia chakula kikubwa: viazi vitamu, maharage, na migebuka ya kukaanga.

Kulipopambazuka tuliuona uwanda wa Ufipa umetandaza majani yake yaliyoanza kugeuka rangi ya dhahabu, na vilima vilivyo wazi, na miti michache tu kando ya vijito. Nikamwuliza Babu jinsi alivyoweza kuwa seremala mahali pasipo na miti. Akacheka. "Ndiyo sababu Mfipa hujifunza kupima mara tatu," akasema. "Mninga wetu ulitoka mbali, huko chini kwenye miombo. Ukikosea kipimo, hukukosea ubao, umekosea safari ya siku mbili."

Tulifuata barabara ya lami iendayo bandari ya Kasanga katika Ziwa Tanganyika, mahali ambapo zamani Wajerumani walipaita Bismarckburg. Tukapumzika Matai, makao makuu ya Wilaya ya Kalambo, iliyoanzishwa mwaka 2012, tukanywa chai ya rangi na maandazi. Kisha tukaiacha lami tukashika njia ya vumbi kuelekea kijiji cha Kapozwa. Huko mashimo yalitupa mazoezi ya viungo ambayo hata mwalimu wetu wa michezo hajatupa. Wadogo walifurahi kila tuliporushwa, ila Babu alishika dari kwa mkono mmoja na goti kwa mkono wa pili. Tulifika saa nne na nusu. Tulipotelemka tu, Baba Mdogo akaona gurudumu moja la nyuma linaishiwa pumzi. Akasema, "Nendeni ninyi. Mimi nina mgonjwa hapa."

Mto Kalambo ndio mpaka wa Tanzania na Zambia katika sehemu ile. Ulitajwa kuwa mpaka katika mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1890, na nadhani waliopatana hawakuwahi kuuona. Juu ya maporomoko maji yake ni ya upole sana, na mto si mpana. Mama mmoja alikuwa akifua nguo ng'ambo ya pili, katika nchi ya Zambia, akatusalimu kwa sauti. Babu akamwitikia kwa lugha ile ile, wakaulizana habari za nyumbani na za mavuno kama majirani wawili wenye ua mmoja kati yao. Kitinda akauliza, "Babu, kumbe unajua Kizambia?" Babu akasema, "Najua. Na yeye anajua Kitanzania."

Babu alichagua mti wenye kivuli mbali kidogo na ukingo, akakaa juu ya jiwe na kunyosha miguu. Alikuwa ameziona ngazi zinazoshuka kuelekea mahali pa kutazamia maporomoko, na magoti yake yalikuwa yamekwisha kutoa hukumu. Akaniita mbele ya wote.

"Wewe ndiye mzee wa msafara," akasema. "Mwenye kuongoza atatangulia, wewe utafuata nyuma ya wote. Na mkono wa Kitinda ni wako mpaka mtakaporudi hapa. Usiuachie hata kama Rais anakupa mkono wake."

Wote wakacheka. Nikaushika mkono wa Kitinda, tukaenda.

Sauti ya maji tuliisikia kabla ya kuyaona. Kwanza ilikuwa kama gari kubwa lililo mbali, kisha kama magari mengi. Tulishuka ngazi hata wadogo wakapoteza hesabu, kila mmoja akatoa idadi yake, wakagombana. Kisha tukapinda mahali fulani, na kila mtu akanyamaza.

Msomaji, sijui nieleze vipi. Mto ule mpole tuliouacha juu unafika penye mwamba, halafu mwamba unakwisha. Maji yanaanguka moja kwa moja, bila kugusa kitu, zaidi ya mita 200. Kwa hesabu yangu ni kama kuzipanga ghorofa 60 na zaidi, moja juu ya nyingine. Kabla hayajafika nusu ya njia huacha kuwa maji, yakawa kama moshi mweupe unaoyumbishwa na upepo. Chini kuna bonde jembamba lenye giza, na mto unaendelea ndani yake kama uzi mpaka Ziwa Tanganyika. Haya ni miongoni mwa maporomoko marefu kuliko yote barani Afrika, nayo yapo katika mkoa wetu, na wengi wetu tumekulia Sumbawanga bila kuyaona.

Kwenye kuta za mwamba wanakaa marabu, wale korongo wakubwa wenye upara na mfuko unaoning'inia shingoni. Mwenye kutuongoza alitueleza kwamba huzaa huko wakati wa kiangazi, maana hakuna mnyama awezaye kupanda ukuta ule kuwaibia mayai. Binamu yangu mmoja akamfananisha korongo mmoja na mtu ambaye sitamtaja, kwa kuwa gazeti hili husomwa na walimu.

Hapo ndipo nilipofanya kosa.

Nilikuwa nimeazima simu ya Baba Mdogo ili nipige picha. Nilitaka picha moja nzuri ya kuwaonyesha wenzangu nitakaporudi shuleni, yenye maji kuanzia juu mpaka chini. Nikajaribu kwa mkono mmoja, simu ikatikisika. Nikajaribu tena, upepo ukaisukuma. Basi nikamwambia Kitinda, "Simama hapa, usisogee." Nikauachia mkono wake, nikaishika simu kwa mikono miwili. Nafikiri haikupita nusu dakika.

Kitinda alikuwa na jiwe mfukoni. Alikuwa amelichukua juu kule kwa Babu, akiwa na shauri lake moyoni kwamba atalitupa ili asikie litakavyolia likifika chini. Akatoka njiani, akaingia kwenye majani yaliyoloweshwa na manyunyu ya maji. Dada yangu, mwenye miaka 13, ndiye aliyemwona. Hakumwita, kwa kuogopa kwamba akimwita atageuka na kuteleza. Alikwenda mbio bila kusema neno, akamkamata shati kwa nyuma, akamvuta kwa nguvu hata kifungo cha shingoni kikakatika, wakaanguka wote wawili chali juu ya majani. Nilipogeuka nilimwona Kitinda amelala juu ya tumbo la dada yangu, na hatua mbili mbele yao hapakuwa na ardhi.

Jiwe lake lilitangulia. Tulisikiliza sote, hatukusikia lilipofika.

Mwenye kutuongoza alirudi mbio, akatusogeza wote ndani ya njia, akatuonya kwa maneno makali, naye alikuwa na haki. Dada yangu alikuwa anatetemeka. Mimi nilikuwa natetemeka zaidi, lakini aibu ilinifanya niseme neno la kipumbavu. Nikawaambia wote, "Babu asiambiwe. Mzee yule hapaswi kushtushwa." Nikamwahidi Kitinda soda moja tutakapofika Matai, naye akakubali. Dada yangu alinitazama tu. Kisha akamshika Kitinda mkono yeye mwenyewe, akapanda naye ngazi zote mpaka juu bila kumwachia.

Tulipofika kwa Babu tulifungua chakula. Mtu mwenye siri husema sana, nami siku ile nilisema kama redio. Nikaanza kumweleza Babu mambo tuliyosomewa na mwalimu wetu wa Historia kuhusu mto ule ule tulioketi kando yake.

Nikamwambia kwamba mwaka 1953 mtaalamu wa mambo ya kale aitwaye J. Desmond Clark, aliyekuwa mkuu wa makumbusho ya mji wa Livingstone, aligundua mahali fulani juu kidogo ya maporomoko, upande wa Zambia, penye zana za mawe, makaa, na vipande vya miti vya watu wa kale. Akachimba hapo kwa vipindi katika miaka ya 1950 na 1960. Lakini siku zile haikuwapo njia iliyofaa kupima umri mkubwa kiasi kile mahali pale. Mwaka 2019 wataalamu wengine, wakiongozwa na Larry Barham wa Chuo Kikuu cha Liverpool, walichimba tena, na mwezi wa Septemba mwaka 2023 habari zao zikachapishwa katika jarida la Nature. Walikuwa wamefukua magogo mawili, moja limelazwa juu ya jingine kwa kukingama, na lile la juu limechongwa pengo ili likalie lile la chini. Umri wake si chini ya miaka 476,000.

Babu aliacha kutafuna. "Sema tena," akasema.

"Miaka 476,000, Babu. Watu wenye maumbile kama yetu sisi hawajulikani kabla ya miaka 300,000 hivi. Waliochonga yale magogo walikuwa watu wa kabla yetu."

"Sikuulizi miaka. Sema tena habari ya pengo."

Nikarudia. Babu akasogea mbele juu ya jiwe lake. Nami nilidhani nitamfundisha, kumbe nimefika kwenye mtihani.

"Mti gani?"

"Wa jamii ya mlama, Babu. Ule wenye matunda ya mabawa manne."

"Mgumu huo," akasema, akitikisa kichwa. "Alichonga kwa nini?"

"Kwa zana za mawe. Alama za kukata na kukwangua zimeonekana ndani ya pengo lenyewe."

"Na mchwa? Miaka yote hiyo mchwa walikuwa wapi?"

"Magogo yalikuwa chini ya maji na matope, Babu. Hapakuwa na hewa, kwa hiyo hayakuoza."

"Kweli. Mchwa hapigi mbizi. Na wao waliijuaje miaka?"

Nikamweleza kwamba walipima mchanga uliofunika magogo, maana chembe za mchanga zinaweza kupimwa ili ijulikane ni lini ziliona jua kwa mara ya mwisho. Jambo hili lilimpendeza sana. Alichota mchanga kidogo wa pale ukingoni, akautazama kiganjani mwake karibu sana na macho, kisha akaurudisha polepole mahali pake.

"Walikuwa wanajenga nini?" akauliza.

"Haijulikani hasa, Babu. Huenda ni jukwaa, au njia ya kupita, au msingi wa kibanda penye majimaji. Na walikuta vitu vingine vya miti ambavyo umri wake ni mdogo kuliko huo: kabari, na mti wa kuchimbia."

"Kabari!" Babu akapiga paja lake. "Walikuwa na kabari!" Akanyamaza kitambo, akitazama ng'ambo. "Mtu yule hakuwa peke yake," akasema. "Mtu aliye peke yake hukaa juu ya jiwe. Anayechonga jukwaa ana watoto, hataki walale majini."

Wakati ule Kitinda, aliyekuwa amemaliza samaki wake, akaona zamu yake ya kusema imefika. "Babu," akasema, "mimi nimetupa jiwe huko chini kabisa, halafu Dada akanikata kifungo."

Hakuna aliyesema kitu. Babu alilitazama shati la Kitinda. Akamtazama dada yangu, ambaye aliinamisha kichwa. Kisha akanitazama mimi kwa muda mrefu. Nilitamani anipige.

"Nani alikuwa na mkono wake?" akauliza.

"Ni mimi, Babu."

"Uliufanyia nini?"

"Niliuachia nipige picha. Mkono mmoja haukutosha."

Babu hakupandisha sauti. Aliokota vijiti viwili vikavu, akatoa kisu chake kidogo, akachonga pengo katika kimoja, akakikalisha juu ya kingine. Vikashikana. Akanipa niviteleze kwa upande, visiende.

"Tazama hiki chenye pengo," akasema. "Kimepungua. Nimekikata mwili wake. Bila hivyo hakishiki kitu. Seremala mvivu huona uchungu kuukata mti mzuri, kwa hiyo huulaza hivyo hivyo juu ya mwenzake akitumaini utakaa. Wewe ulitaka picha na ulitaka mkono wa mtoto, usipungukiwe na kimojawapo. Ukamwambia akae, ukatumaini atakaa. Mtoto hashiki, mjukuu wangu. Mtoto hushikwa."

Kisha akamwita dada yangu, akampa vile vijiti viwili avichukue. Mimi hakunipa.

Jioni tulirudi kimya zaidi kuliko tulivyokwenda. Pale Matai nilimnunulia Kitinda soda yake, ingawa hakuwa ameitunza siri, maana sikuwa na haki ya kumtaka aitunze. Tulipokaribia Sumbawanga giza liliingia na wadogo wakalala mmoja juu ya mwingine. Nikafungua simu niitazame ile picha. Ni picha nzuri, maji yanaonekana kuanzia juu mpaka chini kama nilivyotaka. Lakini katika pembe ya kushoto, chini, kuna kitu kidogo ambacho sikukiona nilipokuwa naipiga. Ni kisigino cha mtoto, kinatoka nje ya picha.

Usiku ule sikulala upesi. Nilifikiri kwamba yule mtu wa kale alichonga pengo lake akiwa na jiwe tu mkononi, na leo wataalamu wa dunia nzima wanalisoma, na Babu yangu alilielewa kwa maswali machache kuliko nilivyolielewa mimi kwa vipindi viwili darasani. Nami nilikuwa na kazi ya mikono ya mtu wa namna hiyo, yenye meno mengi yaliyochongwa kwa ajili yangu, nikaiacha itiwe maharage kwa sababu wavulana walicheka.

Asubuhi nilimwomba Bibi ayahamishe maharage yake. Akaniuliza ayaweke wapi. Nikampa tranka. Bibi alilifungua na kulifunga mara mbili, akasema litafaa, panya hawali bati. Sanduku nikalisafisha na kulianika. Kona moja ya kifuniko ilikuwa imelegea, jino moja limevunjika. Nikampelekea Babu. Alilipapasa kwa vidole kuliko kulitazama, akasema, "Macho yangu hayaufikii tena mstari huu. Lete patasi, utakata wewe."

Nilikata siku mbili. Babu alikaa pembeni yangu akisikiliza patasi, akisikia sauti mbaya alisema, "Unapigana nao, rudi." Nilipima mara tatu, na hata hivyo nilikosea kidogo. Jino nililolitia lina upenyo ambao unaweza kupitisha ukucha. Nilitaka kuujaza kwa gundi na unga wa mbao usionekane. Babu akakataza. Alisema, "Linashika. Acha pengo lako lionekane, likukumbushe."

Sanduku liko bwenini sasa, pembeni ya kitanda changu, na wasomaji walio katika bweni letu wamekwisha kuliona. Siku ya kwanza alikuwapo aliyeuliza kama marehemu amefufuka. Tulicheka wote, mimi pia. Lakini juma lililopita mwanafunzi mmoja wa kidato cha kwanza alikuja akaligeuza huku na huku, akaniuliza misumari imefichwa wapi. Nikamwambia haimo. Hakusadiki mpaka nilipomwonyesha kona, jino kwa jino, na ile kona yangu mbaya pia. Akauliza nani aliyeianzisha kazi ya namna hii. Nikamwambia habari za mto Kalambo, na lile gogo lenye pengo, na umri wake.

Wenzangu, mwaka huu tunamaliza, na baadhi yenu mtapata siku moja ya kwenda Kalambo kabla hatujatawanyika. Nendeni, si mbali, na ni aibu kwa kijana wa Rukwa kuyasikia maporomoko yale kwa watu wa mbali. Mkienda na wadogo zenu, mmoja wenu asipige picha kabisa. Na mkienda na mzee, kaeni naye kando ya maji yaliyotulia kule juu, mmwulize kazi yake aliifanyaje.